Albamu ya Tatu ni ya Wageni

Mimi Kirusi nakijua. Msinicheke. Sijui kuomba maji wala kuuliza bei ya nyanya, lakini nyimbo za Kirusi naziimba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Ukipita kwenye kibaraza changu hapa Kibondo asubuhi, ukanikuta mguu unakanyaga cherehani na mdomo unakwenda, utasema huyu mama amekulia kwenye barafu. Wapi! Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi, mimi nikazaliwa huku, uraia tukapata, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Kigoma mjini kufuata vitenge. Kirusi nimekipatia kwenye ua wa nyumba.

Upande wa pili wa ua huo alihamia daktari. Serikali ilimleta kutoka mbali, mtu wa Tanga, mrefu, mpole, kanzu yake ya Ijumaa imenyooka kwa pasi. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na aliishi peke yake. Akina mama wa mtaa tulishajaribu kumtafutia mchumba tukashindwa, kila tukimtajia mtu anasema, "Ahsanteni, nimeshiba." Udaktari aliusomea Urusi, enzi za ujana wake. Na kitu alichokipenda kuliko vyeti vyake vyote ni albamu tano za wanawake wawili wa huko wanaoimba pamoja. Mbili alirudi nazo mwenyewe, nyingine aliagiza kwa watu aliosoma nao, na kwenye miaka hii ya simu zote akazihamishia kwenye flashi.

Jioni akitoka hospitali anaoga, anakaa barazani na chai yake ya tangawizi, anafungulia redio. Wiki ya kwanza nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, sifichi. Nikasimama uani nikamwambia, "Dokta, samahani, hao akina mama wanalilia nini? Wamefiwa?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hawalii, fundi. Wanaimba mapenzi hao."

"Mapenzi gani ya kuomboleza hivyo?"

Basi akaja mpaka kwenye ua, akaegemea nguzo, akaanza kunisimulia. Hakumaliza siku ile, wala mwezi ule.

Wale wanawake walikuwa wasichana wa kiwanda cha nguo. Hapo hapo akanipata, maana nguo ni kazi yangu. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, wanaimba kwenye kantini wenzao wakila, mpaka siku moja mtu wa studio akawasikia. Albamu ya kwanza ilitoka Dokta akiwa mwanafunzi. Bwenini waliipiga mpaka mkanda wa kaseti ukakatika, wakauunga kwa rangi ya kucha, ukakatika tena. Albamu ya pili ndiyo iliyowatoa. Kwenye treni, saluni, harusini, ni wao tu. Dokta alisema ukiingia kununua mkate unawakuta, ukitoka wanakufuata.

"Ya nne sasa," akasema siku nyingine, "ndiyo waliyogombana."

"Umeruka ya tatu."

"Ndiyo, nimeruka," akasema, akaendelea na ya nne.

Ya nne waliirekodi hawasemezani. Mmoja anakuja studio asubuhi, mwingine jioni, fundi mitambo anaziunga sauti zao kama mimi ninavyounga mikono kwenye gauni. Kwenye jalada wamepeana migongo. Baada ya hapo kila mtu akajaribu kuimba kivyake, na hakuna aliyefika popote. Wakanyamaza miaka na miaka. Halafu, watu wameshawasahau, ikatoka ya tano. Kwenye jalada ni watu wazima, wana miwani, kila mmoja ana kikombe cha chai, wanacheka meno yote nje. Hiyo Dokta aliipenda kupita kiasi. Ikipigwa hata mgonjwa asingemsemesha.

Tuligombana kuhusu nani alianza ugomvi wa albamu ya nne. Mimi nilikuwa upande wa mfupi. "Mrefu alijisikia," nilisema. "Mtu akishajisikia, ushirika umekwisha."

"Mfupi alikuwa na mdomo," akasema Dokta.

"Mdomo? Na wewe Dokta, hivi mwanamke asiye na mdomo umewahi kumwona wapi?"

Tukanuniana siku mbili nzima kwa ajili ya watu wasiojua hata kama Kibondo ipo. Siku ya tatu akanipitishia juu ya ua bakuli la tambi za nazi alizopika mwenyewe, nikasamehe.

Kitu kimoja tu alikataa: kunitafsiria. Nikimwuliza hapa wanasema nini, anatikisa kichwa. "Ukitafsiri unaharibu, fundi. Sikiliza hivyo hivyo." Kwa hiyo mimi nikawa najitafsiria. Naangalia majalada, nasikiliza sauti inavyopanda na kushuka, najipatia maana yangu. Na albamu ya tatu hakuipiga hata siku moja. Ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tano, anarudi ya kwanza. Jalada la ya tatu lilikuwa safi, halijakunjika hata pembe. Nikajua hilo limetunzwa. Hata mimi nyumbani nina sahani za maua kabatini, watoto hawazigusi, zinamsubiri mgeni.

Siku moja jioni redio haikulia. Nikachungulia nikamwona amekaa tu, chai imepoa. Nikamwuliza kama kuna tatizo hospitali. Akaja kwenye ua.

"Fundi, mimi nina mtoto kule."

"Kule wapi?"

"Urusi. Msichana."

Mama we! Miaka yote ile ya kuegemea ua, hakuwahi kulitamka. Akanieleza kwa kifupi. Alioa huko, mwanafunzi mwenzake. Mtoto alikuwa na miaka mitatu Dokta aliporudi Tanga kumwuguza mama yake mzazi, kwa nia ya kukaa kidogo na kurudi. Mama akafariki, nchi ya kule ikageuka juu chini, nauli ikakosekana, karatasi zikakwama, miezi ikawa miaka. Mke akachoka kungoja. Sasa mtoto ni mtu mzima, ameitafuta namba yake mpaka ameipata, na anakuja.

"Asifiwe Bwana!" nikapiga kelele. "Alhamdulillahi! Sasa mbona umepooza?"

"Anakaa siku tatu tu. Anasema ana jambo moja la kuniambia. Nimemwomba aliandike kwenye simu, hataki. Anataka aniambie usoni." Akaegemea nguzo. "Unadhani ni jambo gani?"

"Anaolewa," nikasema. "Anakuja kuomba baraka zako." Nilishaanza kuwaza gauni.

Akatikisa kichwa. "Naogopa anakuja kunikata, fundi. Aniambie mimi na yeye basi. Mimi sitaki makubwa. Nataka kabla hajaondoka aniite baba, hata mara moja. Akiondoka bila hilo, sijui nitaamkaje siku ya nne."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia aache kujitabiria mabaya, mgeni aje kwanza. Lakini usiku ule ule nilikuwa nimeshaamua kwamba yule msichana hatapokelewa na mtu mmoja mwenye hofu. Atapokelewa na sisi.

Sisi ni kikundi cha akina mama. Tunalimiana mashamba kwa zamu kule Kitahana, na harusini tunaimba kwa sauti tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Kwetu mgeni wa maana hapokelewi kimya, anaimbiwa kuanzia anaposhuka, anaingizwa ndani kwa wimbo, mpaka anakaa kwenye kiti ndipo salamu zinaanza. Nikalipeleka jambo kwenye kikundi, kule kule shambani. Mwenyekiti wetu, bibi mmoja mwembamba aliyezeeka mwili na kuacha sauti nyuma, akauliza swali la maana.

"Kiha hajui. Kiswahili hajui. Tutamwimbia nini akaelewa kwamba amefika kwao?"

"Kirusi," nikasema.

Walicheka, jamani. Mmoja alilala kabisa juu ya maharage. Nikasimama, nikawaimbia kipande cha albamu ya pili, mkono kiunoni. Mwenyekiti akasema, "Ego," yaani ndiyo. "Tufundishe."

Dokta hakuambiwa neno. Nilimwomba flashi na mfuko wa majalada, nikasema nataka nishone nikisikiliza. Alifurahi, maskini, akadhani namliwaza. Nikayapanga majalada yote kwenye meza yangu ya kukatia nguo, akina mama wakaizunguka, tukachagua. Ya kwanza, wasichana wadogo wamevaa kikazi, hapana. Ya nne watu wamepeana migongo, huo ni mkosi mtupu. Ya tano, vikombe vya chai, tukaiweka pembeni kidogo. Halafu ya tatu.

Kwenye jalada la albamu ya tatu wako kwenye stesheni ya treni, theluji inaanguka. Mrefu ameshika sanduku. Mfupi amesimama mbele yake, mikono ameinyoosha. Nikawaambia, hebu angalieni wenyewe. Kwetu mtu anayeondoka unamsindikiza, na mzigo wake unaubeba wewe mpaka stendi, yeye anatembea mikono mitupu. Ukimwona mtu kashika sanduku lake mwenyewe, huyo ndiyo kwanza anashuka, mwenyeji hajampokea mzigo bado. Na mwenyeji ni huyu mfupi, kanyoosha mikono alipokee.

"Mbona mwenye sanduku ana machozi?" akauliza mmoja.

"Furaha hiyo! Wewe ungefika kwenu baada ya miaka usingelia?"

Hakuna aliyebisha tena. Nikaongeza na hoja ya kwamba haipigwi, imetunzwa, nikawakumbusha sahani zangu. Ikapita bila kura. Na wimbo wa kwanza wa albamu hiyo ulikuwa na kiitikio kinachoshika upesi, maneno machache, yanarudiwa rudiwa. Shida yake ulikuwa mzito, unajikokota. Tukauongeza mwendo. Tukatia ngoma, makofi, na baada ya kila kiitikio vigelegele. Msimu ule tulivuna maharage ya Kitahana kwa Kirusi. Waendesha bodaboda walisimama barabarani kutuuliza ni dhehebu gani jipya. Na sisi tuliimba kwa lafudhi yetu, mawimbi ya Kiha yote yamo, ila maneno niliyasimamia mimi. Mtu akikosea silabi namrudisha mwanzo. Waliniita mkoloni.

Siku ilipofika Dokta aliendesha gari lake mpaka Kigoma uwanja wa ndege. Sisi tukajipanga mbele ya nyumba yake, vitenge sare nilivyovishona mwenyewe, majani mikononi. Mchana simu ikaita.

"Tuko Kasulu, tumesimama tunywe chai," akasema Dokta kwa sauti ya chini. "Hazungumzi, fundi. Tangu Kigoma anaangalia dirishani. Nimemwonyesha milima, amesema ndiyo. Nimemwonyesha kahawa, amesema ndiyo."

"Amechoka na safari," nikamwambia. "Njoo naye taratibu."

Gari liliingia jua bado liko juu. Akashuka mwanamke mrefu, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na kile kipaji cha uso ungekijua popote, cha Dokta mtupu. Dokta akazunguka mbio kuchukua sanduku. Akakataa. Akalishika mwenyewe, akasimama nalo pale pale, uso umefungwa. Nikamfinya mwenzangu. "Unaona? Picha ile ile!" Nikainua mkono, ngoma ikapiga.

Jamani, tuliimba. Sijawahi kusikia kikundi chetu kikiimba vile, hata kwenye harusi ya mtoto wa mwenyekiti. Ubeti wa kwanza yule mgeni aligeuka ghafla, akatutazama mmoja mmoja. Kiitikio kilipoingia tukanyoosha mikono yote kama mfupi kwenye picha, tukasogea hatua, tukarudi. Dokta akainua mikono juu. Tukasema anacheza, tukaongeza kasi. Alikuwa anatusihi tunyamaze, lakini nani angejua? Kila akipunga sisi tunarudia kiitikio. Mwenyekiti alimzunguka mgeni akimpigia vigelegele sikioni.

Mgeni akaliweka sanduku chini, akalikalia. Akafunika uso, mabega yanatikisika. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Nikamkimbilia nikidhani analia, nikamtoa mikono usoni. Alikuwa anacheka. Halafu nikaona na machozi yapo, mengi. Nikachanganyikiwa kabisa.

"Nani kawafundisha wimbo huu?" akauliza Dokta.

Kikundi kizima kikanigeukia. Wasaliti.

"Si wa kupokea wageni?" nikauliza.

"Wa kufukuza, fundi."

"Kufukuza nani?"

"Mtu. Mwanamume. Wanamwambia aondoke. Asigeuke nyuma, asijue tena njia ya mlango huu." Akamwangalia mtoto wake. "Hicho ndicho kiitikio."

Mwenyekiti akajifunika mdomo kwa kitenge. Kile kiitikio tulichokirudia tukiwa tumenyoosha mikono, tukimtazama Dokta usoni, nyumbani kwake, mbele ya mtoto wake! Nilitamani ardhi ipasuke. Na mpaka leo nasema picha ile ilidanganya. Huyo mfupi alimwacha vipi mwenzake abebe sanduku mpaka stesheni kwenye theluji, bila kumsindikiza kistaarabu? Kumbe ndiyo maana waligombana albamu iliyofuata.

Dokta akaketi kwenye ngazi ya baraza. Akatuambia, kwa Kiswahili, taratibu, kwamba mara ya mwisho alipoongea na mke wake kwa simu, mke hakusema neno. Aliuweka mkono wa simu karibu na redio, akamwachia wimbo huo mpaka mwisho, akakata. Tangu siku hiyo albamu ya tatu hakuweza kuisikiliza, wala hakuweza kuitupa. Nikaanza kulia mimi sasa. Nikasema, "Dokta nisamehe, mimi nilidhani ni sahani za wageni," na yeye hakuelewa nasema nini.

Ndipo mgeni akafuta macho na kuanza kuzungumza. Alizungumza kirefu, mara anatuonyesha sisi, mara anacheka katikati, mara sauti inakatika. Dokta alimsikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mwenyekiti akasema, "Tuambie na sisi. Tumeshaharibu, tujue tumeharibu kiasi gani."

Dokta akatafsiri, mtu ambaye siku zote alikataa kutafsiri.

"Anasema wimbo huu amekua nao. Mama yake aliuimba jikoni." Akamtazama mtoto, akaendelea. "Anasema jambo alilokuja kuniambia ni hilo hilo. Nitoke kwenye maisha yake, nisimtafute. Amelipanga tangu akiwa mtoto, na ndani ya ndege alilirudia asije akasahau. Alikuwa anangoja tufike ndani, aliseme, kisha amalize siku zake tatu, aondoke."

Kuku wa jirani ndio waliokuwa na ujasiri wa kupiga kelele.

"Anasema sasa mmeshalisema ninyi. Kwa ngoma na vigelegele. Lote, hamkubakiza." Midomo ya Dokta ilikuwa inacheza. "Anasema hawezi tena kulitamka bila kucheka. Kwa hiyo hana la kusema. Anauliza, sasa aniambie nini?"

Mimi mwenye mdomo wangu wote nikamtazama mwenyekiti. Yeye akakunja kitenge chake vizuri kiunoni.

"Hilo tu? Mwambie aanze na shikamoo."

"Bibi," akasema Dokta, "salamu nitamwombaje mimi mwenyewe?"

"Basi kaa kimya."

Mwenyekiti akamwendea yule mgeni, akamshika mkono, akamwinua kutoka kwenye sanduku, akamleta mpaka kwenye ngazi. Akamwonyesha Dokta kwa kidole. Akamtamkia polepole, kipande kwa kipande, kama nilivyowatamkia wao Kirusi kule shambani. Mgeni akaangalia mdomo wa bibi. Akajaribu kimoyomoyo, tukaona midomo inakwenda. Halafu akamgeukia Dokta.

"Shikamoo, baba."

Dokta akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Mtoto amesimama pale, hajui kama amekosea, anatutazama.

Tukaitika sisi, kikundi kizima, kwa sauti zote tatu: "Marahaba!"